Mwendo wa Ovyo au Mwendo Nasibu?

Miongoni mwa istilahi zinazowatatiza wafasiri wa vitabu vya fizikia ni jina la ule mwendo usiotulia wa chembe ndogo mno ndani ya kioevu au gesi. Wako wauitao "mwendo wa ovyo", na wako wauitao "mwendo holela". Sisi twaona kwamba majina yote mawili yana kasoro, tena ni kasoro ya maana.

Tuchukue mfano ulio karibu na mwanafunzi wa Akheri, kwenye miteremko ya Mlima Meru, ambako ng'ombe wa maziwa hufugwa bandani. Tone la maziwa likizimuliwa kwa maji na kutazamwa kwa hadubini, vitone vya mafuta huonekana vikitetemeka na kuhamahama. Havina uhai. Robert Brown, mtaalamu wa mimea kutoka Uskoti, alipoona jambo kama hilo mwaka 1827 katika vijipunje vya ndani ya chavua, alijaribu pia unga wa mawe. Nao ukatetemeka vivyo hivyo. Chanzo chake ni molekuli za maji, ambazo huvigonga vitone hivyo kutoka kila upande bila kulingana.

Neno "ovyo" lina lawama ndani yake, kama tusemapo kazi ya ovyo. "Holela" nalo latukumbusha bei holela na ujenzi holela. Mwanafunzi apokeaye majina hayo ataamini kwamba hapa hakuna kanuni. Kanuni ipo. Mwaka 1905 Albert Einstein alionyesha kwamba, ingawa hatua moja haitabiriki, wastani wa hatua nyingi hukadirika: muda ukiwa mara nne, umbali wa wastani kutoka mwanzo huwa mara mbili tu. Vipimo vya Jean Perrin wa Ufaransa viliafikiana na hesabu hiyo, vikawaondolea wengi shaka juu ya kuwako kwa molekuli. Perrin alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1926.

Yasemwa kwamba "ovyo" hueleweka na kila mtu. Ni kweli, lakini hueleweka vibaya. Twapendekeza "mwendo nasibu", na "mwendo wa Brown" kwa aina hii mahsusi. Neno "nasibu" si geni: katika bahati nasibu mshindi hajulikani, ila uwezekano wa kushinda hukokotolewa. Walimu na wafasiri wayajaribu majina haya kazini, kisha watuletee maoni yao.