Hongera, Wabeba Mikebe wa Mumbai

Mgeni wa Mumbai asikimbilie Gateway of India. Asimame nje ya stesheni ya Churchgate kabla ya adhuhuri, awaone dabbawala, yaani wabeba mikebe, wakitoka na kofia zao nyeupe, vichwani vyano virefu vya mbao vimejaa mikebe ya chakula kilichopikwa majumbani asubuhi ileile. Wameifanya kazi hii tangu 1890. Herufi na rangi chache kwenye kifuniko zinatosha: mkebe hupita mikono kadhaa, baiskeli, treni, mkokoteni, ukamfikia mwenyewe kazini, alasiri hurudishwa nyumbani mtupu. Ustadi ulioje!

Dabbawala wengi hutoka vijiji vya upande wa Pune, jimboni Maharashtra. Kila mwaka huacha kazi siku chache waende sherehe za kijijini, makarani wa mjini wajitafutie cha kula. Likizo hiyo ni haki ya dabbawala kabisa.