Bunduki za Bibi Carrar na Suala la Kutokuwa na Upande

Katika tamthilia hii ya Bertolt Brecht, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Paris mwaka 1937, tunamkuta mjane wa mvuvi huko Hispania. Mumewe ameuawa akipigana. Yeye ameficha bunduki za marehemu chini ya sakafu, na anawazuia wanawe wawili wasiende kupambana na majeshi ya Jenerali Franco. Hoja yake ni kwamba maskini asiyeshika silaha ataachwa avue samaki wake kwa amani.

Ndugu wasomaji, tusimcheke. Hiyo ni hofu ya kila mzazi. Lakini kosa lake ni la kisiasa: anadhani ufashisti humhukumu mtu kwa matendo yake, kumbe humhukumu kwa tabaka lake. Juan, mwanawe mkubwa, anauawa baharini akivua, hana silaha. Kofia yake iliyochakaa yatosha kuwa hatia. Ndipo mama anazitoa bunduki na kwenda vitani mwenyewe.

Hata hivyo, tamthilia ina upungufu. Mama anageuzwa na maiti ya mwanawe, si na hoja za kaka yake Pedro, mfanyakazi. Uchungu humwinua mtu mmoja, hauelimishi kijiji kizima. Kada anayesubiri msiba umfanyie kazi ya siasa amekwisha kuchelewa.