Karama Alivyowageuzia Kesi Waamuzi Wake

Katika Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert iliyotoka mwaka 1951, Karama anashtakiwa kwa kufundisha uanasheria, na Waziri Majivuno ndiye anayemwandama. Wasomaji wengi humsifu Karama kwa ufasaha. Mimi naona ufasaha ndio silaha yake ndogo. Kilichomshindia kesi ni mpango wa hoja. Hapotezi muda kujisifia wema. Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa na Kusadikika yenyewe, wakateseka njiani, wakarudi na mapendekezo ya manufaa, wakatiwa kifungoni. Ushahidi huo hakuuokota nje: dola inayomhukumu ndiyo iliyowatuma na ndiyo iliyowafunga, kwa hiyo kuukana ni kujikana. Bila kumtukana mtu, mshtakiwa anakuwa mshtaki, na hatia yake inafunikwa na swali zito zaidi: wasiosikiliza wanaweza kuhukumu kwa haki?

Wapo wanaolalamika kwamba visa hivyo sita vinafanana mno. Kwa upande wa usimulizi wana haki. Ukifika kwa mjumbe wa nne umekwisha kujua atakavyopokewa. Kwa upande wa utetezi, kufanana huko ndiko kunakothibitisha. Akionewa mmoja, waziri atasema ni bahati mbaya. Akionewa wa pili, atatafuta kisingizio. Wakiwa sita, ni desturi. Mwandishi alikubali kumchosha msomaji kidogo ili asimwachie Majivuno mwanya.

Pingamizi gumu zaidi ni kwamba watawala waliozoea kufunga watu hawamwachii mtu kwa nguvu ya hoja. Nakubali kwamba mwisho wa riwaya ni mwepesi kuliko njia iliyotufikisha hapo. Lakini hoja ya Karama ina msikilizaji mwingine, msomaji wa Tanganyika iliyokuwa chini ya Waingereza, na Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali hiyo hiyo. Kuiweka Kusadikika kama nchi ya kubuni inayoelea angani kulimkinga: mkubwa ambaye angelalamika angekuwa amekiri kwamba amejitambua humo. Hata hivyo, si kukosekana kwa nchi hiyo kwenye ramani kunakoifanya riwaya imguse msomaji wa nchi yoyote. Inamgusa kwa sababu haki ya kusikilizwa haikutangazwa tu humo. Imejengwa kisa juu ya kisa mpaka mpinzani akakosa la kujibu. Walimu wanaoifundisha waanze na ujenzi huo, kabla ya kuwapa wanafunzi orodha ya dhamira za kukariri.