Kabla ya Kuamini Asilimia: Namna ya Kulipima Dodoso la Wateja

Kampuni inayotengeneza programu za ofisini ikitaka kujua wateja wake wanahitaji nini katika kutumiana nyaraka, siku hizi hukimbilia dodoso. Baada ya muda ripoti inatua mezani ikiwa na chati za rangi, asilimia, na pendekezo la kitu cha kujenga. Wengi wetu tunaanza kuisoma kwenye chati. Mjuzi wa kazi hii anaomba kwanza dodoso lenyewe, kama mnunuzi wa samaki anavyofunua mashavu kabla ya kuuliza bei.

Kigezo ninachokitanguliza ni kimoja: dodoso zuri linamuuliza mtu jambo alilolifanya, si jambo analodhani angelipenda. Chukua swali hili ambalo halikosekani katika madodoso ya aina hii: "Je, ungependa mfumo utakaokuwezesha kushirikishana nyaraka na wenzako kwa urahisi?" Nani atajibu hapana? Hata watu wote wakisema ndiyo, mbunifu wa programu atabaki palepale alipokuwa kabla ya kuuliza.

Sasa liweke hivi: "Mara ya mwisho ulipompelekea mtu wa nje ya ofisi yako faili la kazi, ulitumia njia gani?" Kisha: "Lilimfikia siku hiyohiyo?" Kisha: "Baada ya kulituma, lilibadilishwa tena? Mlijuaje toleo lipi ndilo la mwisho?" Hapo mhojiwa analazimika kukumbuka. Anakumbuka mkataba wenye picha za kiwanja uliogoma kwenda kwa barua pepe kwa sababu Gmail hairuhusu kutuma kiambatisho kinachozidi megabaiti 25. Anakumbuka aliupitisha WhatsApp, na kwamba mteja alisaini nakala ya juzi badala ya ile iliyosahihishwa asubuhi. Katika majibu hayo matatu mafupi kuna tatizo la ukubwa wa faili, tatizo la matoleo na tatizo la saini, na neno "mahitaji" halikutajwa popote. Angalia pia kwamba swali linasema "mara ya mwisho", halisemi "kwa kawaida". Ukimuuliza mtu anachofanya kwa kawaida, atakueleza mfanyakazi ambaye angetaka kuwa. Ukimuuliza mara ya mwisho, atakueleza kilichotokea Jumanne.

Baada ya maswali, tazama machaguo ya majibu. Sehemu hii hurukwa na wengi, nami naiona ndiyo inayomfichua mwandishi wa dodoso haraka kuliko zote. Katika ofisi nyingi za Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, faili linasafiri kwa WhatsApp, kwa barua pepe, kwa flashi, na wakati mwingine ndani ya bahasha inayobebwa na bodaboda. Kwenye ofisi za serikali bado kuna masjala, na karani wa masjala anajua njia ya kila jalada kuliko mkuu wa idara. Dodoso linaloorodhesha SharePoint, Google Drive, Dropbox, halafu "Nyingine", linamfanya mfanyakazi huyu aweke alama kwenye "Nyingine" na kuendelea. Matokeo yakichorwa, jambo kubwa kuliko yote linajificha kwenye mstari wa chini kabisa wa chati, bila jina. Ukiona "Nyingine" imevimba, jua mwandishi hakuzungumza na watumiaji kabla ya kuandika. Madodoso bora huzaliwa baada ya mahojiano ya ana kwa ana na watu wachache, ambamo mwandishi anasikia watu wanayaitaje mambo yao, kisha anayaweka machaguo kwa majina hayohayo.

Kuna jambo jingine linaloambatana na WhatsApp. Kampuni nyingi zinakataza nyaraka za kazi zisipitie humo, na kila mtu anazipitisha humo. Ukimwomba mfanyakazi aandike jina, cheo na namba ya simu juu ya ukurasa wa kwanza, halafu ukamuuliza anatumaje mikataba, atakujibu kwamba anafuata taratibu. Dodoso lililotengenezwa na mtu makini linaeleza mwanzoni nani atayasoma majibu, yatahifadhiwa wapi na kwa muda gani, wala halidai utambulisho usio na kazi. Huu si uungwana tu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 2023. Anayekusanya majina na namba za watu ana wajibu wa kueleza anazitakia nini.

Vipimo vya "nakubali sana" mpaka "sikubaliani kabisa" tumevirithi kwa Rensis Likert, Mmarekani aliyevitoa mwaka 1932, na bado vinafaa vikitumiwa kwa uangalifu. Hatari yake kwetu ni adabu. Mtu aliyeombwa maoni kwa heshima huona vibaya kumwambia mwombaji kwamba kazi yake haifai, hivyo anateremka na safu ya "nakubali" mpaka mwisho wa ukurasa. Ndiyo sababu ninatafuta kauli zilizogeuzwa: pembeni ya "Ni rahisi kupata faili nililotumiwa" kuwe na "Huwa nalazimika kumpigia mtu simu anitumie faili upya". Aliyekubali zote mbili hakusoma, na mchambuzi mwaminifu atasema aliwafanya nini watu wa namna hiyo. Swali linalobeba mambo mawili, kama "Je, mfumo ni wa haraka na salama?", lina kasoro isiyorekebishika baada ya majibu kuingia.

Maneno ya swali yana nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1940 huko Marekani, mtafiti Donald Rugg alilinganisha maswali mawili kuhusu hotuba za hadhara za kuipinga demokrasia. Kundi moja liliulizwa kama nchi iziruhusu, na asilimia 62 wakasema isiziruhusu. Kundi jingine liliulizwa kama nchi izipige marufuku, na waliosema ndiyo walikuwa asilimia 46. Hoja ilikuwa ileile. Kwa hiyo, ukisoma kwamba wateja wanataka "kuzuia" nyaraka zisitoke nje ya kampuni, nenda ukaone swali lilitumia kitenzi gani.

Kisha uliza nani alijibu. Wingi peke yake usikutishe. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilipeleka kadi za kura zipatazo milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, na likatangaza kwamba Alf Landon angeshinda urais. Mpinzani wake, Roosevelt, alichukua majimbo 46 kati ya 48. Majina yalikuwa yametolewa kwa sehemu kubwa kwenye orodha za wenye simu na magari, wakati wa dhiki kuu ya uchumi, na waliorudisha kadi hawakufanana na wasiorudisha. Katika programu za biashara kosa hilo lina sura yake: dodoso linatumwa kwa anayelipia leseni, yaani meneja wa TEHAMA au mhasibu mkuu, ilhali anayetumiana mafaili kutwa nzima ni katibu muhtasi, afisa mauzo wa mkoani, na mwanasheria wa nje ambaye hana hata akaunti. Mnunuzi atakwambia anataka udhibiti. Mtumaji anataka faili lifunguke kwenye simu yenye bando dogo. Ripoti ya kuaminika inawatenga watu hawa katika majedwali tofauti, na inasema ni wangapi waliopelekewa dodoso na wangapi waliojibu. Ikisema asilimia 67 bila kusema ya wangapi, huenda ni watu wanane kati ya 12.

Palipo na orodha ndefu ya vipengele, kama kiungo kinachokufa baada ya siku saba, kusoma bila intaneti, au kuona nani amefungua faili, napenda kuona maswali ya jozi ya Noriaki Kano, Mjapani aliyeyaeleza mwaka 1984. Mhojiwa anaulizwa angejisikiaje kipengele kikiwepo, kisha angejisikiaje kisipokuwepo. Jozi hiyo inatenganisha kitu kinachofurahisha na kitu ambacho kikikosekana mteja anahama. Orodha ya "muhimu sana" kila mstari haitenganishi chochote.

Mwisho, jaribu dodoso kwenye simu yako. Wahojiwa wengi watalijibu hapo, na jedwali la safu saba ambalo ni lazima livutwe kushoto na kulia halijibiwi kwa uaminifu. Omba pia majibu ya maswali ya wazi yakiwa mabichi, na makosa yake ya tahajia, kabla hayajafupishwa na mtu. Sentensi kama "natuma mara tatu kwa sababu bosi hapati" ina thamani kuliko chati nzima ya kuridhika.

Ukiletewa ripoti ya namna hii leo, usitie saini bajeti kabla ya kuona mambo matatu: dodoso kama lilivyotumwa, idadi ya waliopelekewa na waliojibu, na majibu ya wazi yasiyoguswa. Aliyefanya kazi yake vizuri atakupa yote bila kusita. Anayesita, mrudishie ripoti yake.