Fito Zichelewe: Namna ya Kuitambua Katuni Nzuri ya Mtoto

Filamu yenyewe ni ya sekunde 14. Ziwa ni kitenge cha buluu kilichotandikwa mezani kikakunjwakunjwa. Juu yake kuna mitumbwi mitatu ya maganda ya mgomba iliyofungwa ubavu kwa ubavu, kama ile ya wavuvi wa samaki wa sambaza tunayoiona jioni hapa Rusizi ikiuacha ufuko na kuingia Kivu. Mbele na nyuma zimechomoza fito ndefu, ambazo ni njiti za ufagio. Mitumbwi inatoka kushoto inakwenda kulia, basi. Kivuli cha kichwa cha mtoto kinapita juu ya maji mara mbili. Mvuvi mmoja wa udongo, yule wa nyuma, anaanguka katikati ya safari na kuinuka bila sababu. Lakini kila wimbi linapoinua mitumbwi, ncha za fito zinabaki chini kidogo, ndipo zinafuata. Mitumbwi ikishuka, fito bado ziko juu. Aliyeitengeneza ana miaka tisa. Nilimwomba mama yake simu nikairudia mara sita, na huyo mvuvi anayeanguka nikamsamehe.

Jumamosi mchana huwa nafanya katuni za picha moja moja na watoto wa mtaani kwetu Kamembe. Kazi ni rahisi kueleza: unaweka kitu, unakipiga picha, unakisogeza kidogo, unapiga tena, na picha zikipitishwa haraka kitu kinatembea chenyewe. Sinema ya kawaida hupitisha picha 24 kwa sekunde. Kwa katuni ya mezani 12 zinatosha kabisa, na kwa mtoto wa miaka sita hata 8. Piga hesabu: sekunde 14 kwa 12 ni picha 168, yaani mara 168 mkono umeingia, umegusa, umetoka. Mtoto aliyefikisha hizo bila kukimbilia mpira nje ameshafanya jambo. Ila subira si ubora, na hapo ndipo wazazi wengi wanapojikwaa. Wakionyeshwa filamu hutazama kitu kimoja tu: inateleza au inarukaruka? Ikiteleza wanapiga makofi.

Na mimi nilikuwa hivyo. Mwaka fulani niliitwa kuamua mashindano katika shule moja ambayo sitaitaja. Nikaipa ushindi filamu ya gari lililopanda kilima laini kama siagi. Baada ya zawadi kutolewa nikamuuliza mshindi kwa nini gari lilisimama kabla ya kona. Akanitazama, akamtazama kaka yake mkubwa aliyesimama mlangoni, na kaka ndiye aliyejibu. Tangu siku hiyo sianzi na ulaini. Naanza na uzito.

Mtoto akikutengenezea mtu wa udongo anayenyanyua mfuko wa saruji, tazama picha zilizotangulia kunyanyua kwenyewe. Huku kwetu kila mtoto ameshaona mfuko wa kilo 50 wa kutoka kiwandani Bugarama ukipakuliwa mgongoni mwa mtu. Mpakuaji hauchukui mara moja. Anausogelea, anapanua miguu, anachuchumaa, anaukumbatia, anakaa hivyo kidogo, ndipo magoti yanaanza kazi. Asiyetazama atakupa picha mbili: mfuko chini, mfuko juu, na mfuko wenyewe utaonekana una pamba. Aliyetazama atatumia picha 8 au 10 kabla mfuko haujaachana na ardhi, na akiwa hodari mtu wake atazama kidogo mara mzigo unapomfika begani. Ukiona kule kuzama, usiulize mengine. Nimewahi kuona kuzama huko kwa mtoto ambaye hakuweza hata kumtengenezea mtu wake pua.

Mwendo nao una uzito wake. Chukua meza ya sentimita 60. Kitu kikiivuka kwa sekunde mbili, kwa picha 24, hesabu ya haraka inasema sentimita mbili na nusu kila picha. Watoto wakijua kutumia rula hufanya hivyo hasa, na matokeo yake ni kitu kinachovutwa kwa kamba. Hakuna kiumbe kinachoanza safari kwa kasi yake kamili. Kinaanza kwa nusu sentimita, kikaenda moja, kikaenda mbili, kikachanganya, halafu mwishoni kikapunguza vivyo hivyo. Mimi nawaambia wapime kwa kidole: ukucha kwanza, kisha upana wa kidole, kisha vidole viwili. Kwa hiyo filamu inayorukaruka inaweza kuwa bora kuliko inayoteleza, mradi miruko yake si sawasawa. Miruko iliyo sawa ni ya mashine.

Kutulia ni kugumu kuliko kwenda. Mtoto akishagundua kwamba kitu kinaweza kutembea, hataki tena kisimame. Kila picha lazima mkono uguse kitu. Ndiyo maana katuni nyingi za watoto zinafanana na soko siku ya mnada. Tafuta mahali ambapo mhusika amesimama akifikiri, picha 10 au 12 hazijaguswa, halafu anageuza kichwa. Akitulia hivyo kabla ya kuruka mtaro, mtazamaji anauona mtaro. Asipotulia, hata mtaro uchimbwe vipi kwenye udongo, hakuna atakayeuogopa.

Nirudi kwenye fito. Hizo fito za mitumbwi ya sambaza ndizo zinazobeba wavu, na kwa kuwa ni ndefu kuliko chombo chenyewe, haziendi nacho sawa. Kitu kirefu kilichoshikwa upande mmoja hufuata kwa kuchelewa: mkia wa mbuzi, kanga mgongoni, majani ya mgomba upepo ukikatika. Wahuishaji wa studio kubwa hufundishwa jambo hili darasani. Mtoto wa Rusizi analipata bure akikaa ufukweni, kama atakaa akatazama. Mtazame pia mama anayevuka daraja la Rusizi kwenda Bukavu na beseni kichwani: nyonga zinacheza, mikono inacheza, beseni limetulia kama liko mezani. Nikimpa mtoto kazi ya kumtengeneza huyo mama, najua baada ya sekunde tatu kama aliwahi kumwangalia au alimkuta tu njiani.

Mwanga ni habari ya mkubwa zaidi kuliko ya mtoto, kwa hiyo usimkate maksi mtoto kwa kosa lako. Filamu ikiwa inapepesa, inang'aa na kufifia picha hadi picha, sababu kwa kawaida ni tatu. Ya kwanza ni dirisha: mawingu ya Kivu hayakai mahali pamoja dakika tano. Funga pazia, washa taa moja, na umeme ukikatika usiendelee kwa tochi ukidhani haitaonekana. Ya pili ni simu inayojirekebishia mwanga yenyewe. Kwenye simu nyingi ukibonyeza kioo kwa muda inafunga kipimo na kuacha kuhangaika. Ya tatu ilinichukua miezi kuigundua. Ni shati jeupe la shule. Mtoto akiinama juu ya meza, shati linarudisha mwanga juu ya udongo. Akijitoa, mwanga unaondoka naye. Sasa nina masweta matatu ya rangi ya giza yaliyotundikwa nyuma ya mlango, na anayetaka kugusa wahusika anavaa kwanza. Wanalalamika joto.

Kutikisika kwa picha nzima nako ni kwa mkubwa. Simu ifungwe kwenye kopo la maziwa lililojazwa mchanga kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, na picha ipigwe kwa kitufe cha waya wa spika za masikioni ili kidole kisiguse simu. Programu yoyote inayoonyesha kivuli cha picha iliyotangulia, kama Stop Motion Studio, inatosha. Sijaona filamu iliyookolewa na programu ya bei.

Kuna uchafu ambao ni mali. Alama za vidole kwenye udongo, kwa mfano. Ukiziona zikitambaa usoni mwa mhusika usiseme kazi ni chafu. Wanasesere wa Wallace na Gromit wa studio ya Aardman, Uingereza, wana alama za vidole mpaka leo na hakuna aliyedai arudishiwe kiingilio. Katika King Kong ya 1933 manyoya ya sokwe yanacheza kila mahali vidole vya mhuishaji vilipopita, na mnyama anaonekana ana hasira hata akiwa amesimama. Ufa wa udongo wa mfinyanzi unaokauka chini ya taa ni habari nyingine. Huo unamzeesha mhusika miaka 40 ndani ya sekunde moja, na dawa yake ni kitambaa kibichi kila mnapopumzika.

Karatasi zilizokatwa zisidharauliwe kwa kuwa ni bapa. Jean-Michel Kibushi, Mkongomani mwenye studio ya kuhamahama iitwayo Malembe Maa, alitengeneza kwa karatasi ngano ya chura aliyekwenda ukweni, mwaka 1991, kabla ya kuingia kwenye wanasesere wa Muana Mboka, 1999. Lotte Reiniger wa Ujerumani alitumia mkasi na karatasi nyeusi zilizomulikwa kutoka chini akapata filamu ndefu nzima, 1926. Kwa karatasi swali ni moja: je, mkato wa umbo unatosha kukuambia huyu ni nani na ana hali gani, uso usipoonekana? Mtoto aliyekata fisi ukamjua kwa mgongo tu ana jicho. Na watoto wakikuletea mbawakawa waliokufa, kama wanavyoniletea mimi, usiwafukuze: Ladislas Starevich aliwafunga wadudu waya mwaka 1912 akawachezesha kisa cha ndoa na wivu.

Mkono wa mkubwa unajulikana. Hadithi ina funzo mwishoni, kuhusu usafi au kusikiliza wazazi. Wahusika wote wana ukubwa sawa, wakati mtoto humfanya anayempenda au anayemwogopa mkubwa kupindukia. Maandishi hayana kosa la herufi. Na muziki umeanza tangu picha ya kwanza hadi ya mwisho, umechukuliwa mahali, umefunika kila kitu. Sauti ya mtoto ni ya mdomo: lori hulia kwa midomo yake, kasia ni mkono ndani ya beseni la maji. Mvua ya kwenye mabati ikiingia wakati wa kurekodi, wakubwa huifuta. Wiki iliyopita kundi la wasichana wanne waliiacha, wakamvika mhusika wao kipande cha mfuko wa plastiki kama koti. Nikawapa alama zote za sauti hapo hapo.

Yule mwenye fito alikuja Jumamosi iliyofuata. Nikamwambia kazi yake nimeipenda kupita zote za mwezi huo, ila arudie sehemu ndogo tu: yule mvuvi wa nyuma ameanguka, lazima alimgusa kwa kiwiko.

"Sikumgusa, tonto. Amesinzia. Si wanakesha?"

Nikaomba tena simu ya mama yake, nikairudisha taratibu, picha baada ya picha. Kichwa cha mvuvi kilianza kuinama picha tisa kabla hajaanguka.