Beji Iulizwe Mwisho: Jinsi ya Kujua Chepeo ya Chuo Ilikotoka

Kaunjika, kama mitumba inavyoitwa Malawi, haina cheo: karani wa wizara pale Capital Hill na mkimbizi wa kambi ya Dzaleka wanaweza kupekua rundo moja. Humo hutokea siku moja chepeo ya ajabu, imeshonwa kama ya ofisa wa jeshi lakini ina nembo ya chuo kikuu. Wengi hukimbilia beji. Hapo ndipo wanapopotea, kwa sababu beji hushikiliwa na pini au skrubu tu na hubadilishwa kwa dakika moja. Anayetaka ukweli huanza na vile visivyobadilika upesi: kitambaa, mshono, lebo na saizi.

Kwanza, chuo kuvaa kijeshi si kioja. Marekani, sheria ya Morrill ya 1862 ilizipa serikali za majimbo ardhi ya kugharimia vyuo, kwa sharti kwamba mafunzo ya kijeshi yawemo. Mwaka 1916 ukaja mpango wa ROTC wa kuandaa maofisa vyuoni, na hadi miaka ya 1960 vyuo vingi vya umma viliwalazimisha wanafunzi wa kiume kupiga kwata miaka miwili ya kwanza. Wanafunzi wa Urusi walivaa chepeo za sare hadi enzi ya mapinduzi ya 1917, na wa Japani walikuwa na zao zenye utosi wa mraba. Kwa hiyo umbo peke yake halitaji nchi.

Tuseme basi iko mezani: sufu ya kijivu, ukingo mweusi wa ngozi juu ya macho, vifungo viwili vya shaba pembeni. Kunjua taratibu ule mkanda wa ngozi unaogusa paji la uso. Chini yake ndiko siri nyingi hukaa, maana jua na mvua havifiki. Tafuta saizi. Ikiwa imeandikwa 57, fikiria bara la Ulaya au Japani, wanakopima kwa sentimita. Ikiwa 7⅛, fikiria Marekani. Kichwa hichohicho Uingereza kingeandikiwa 7.

Kisha lebo. Tuseme inasomeka jina la kiwanda na anwani "Columbus 15, Ohio". Hiyo 15 ina thamani kuliko beji. Posta ya Marekani iligawa miji mikubwa kwa kanda za namba kama hizo mwaka 1943, na Julai 1963 ikaleta misimbo ya tarakimu tano, ambapo kanda hiyo ikawa 43215. Lebo basi ilichapwa kati ya 1943 na 1963, ingawa kiwanda kinaweza kumalizia lebo za akiba mwaka mmoja au miwili baadaye. Ila Columbus ni mji wa mshonaji. Viwanda vikubwa vya sare viliuzia vyuo vya mbali, hivyo usiseme chuo kilikuwa Ohio.

Sasa uzi. Chomoa kipande kifupi ndani ya pindo, kiwashe kwa kibiriti. Sufu hunuka nywele zilizoungua na jivu lake husagika kidoleni. Poliesta huyeyuka ikaacha kidonge kigumu. Poliesta ilivumbuliwa Uingereza mwaka 1941 na kuenea madukani miaka ya 1950. Uzi ukiwa wa poliesta, na ukiwa umepita kwenye matundu ya mshono wa awali, tumebakiwa na takriban 1950 hadi 1963. Matundu ya sindano yakiwa mawili-mawili, fundi cherehani mwingine amepita hapo, na uzi huo hauhesabiwi.

Vifungo vigeuze. Nyuma yake huwa na jina la mtengenezaji, kama vile Scovill au Waterbury, viwanda vyote viwili vya Connecticut. Mbele kukiwa na mhuri wa jimbo, jimbo limejitaja. Hapo ndipo beji inaruhusiwa kusema: alama ya kufifia kwenye kitambaa iwe na umbo lake hasa, na matundu ya pini yawe yaleyale. Ikipita, linganisha na picha za wanafunzi kwenye vitabu vya mwaka vya chuo.

Mbinu hii inafaa hata kwa vitu vya kwetu. Juni 1971 Rais Mobutu wa Kongo aliwaingiza jeshini kwa nguvu wanafunzi wa chuo kikuu cha Lovanium. Agosti mwaka huo vyuo vikuu vya nchi hiyo vikaunganishwa kuwa kimoja cha taifa, UNAZA, ambacho kilivunjwa 1981. Mkongomani wa Dzaleka akikuta sare yenye jina UNAZA, jina hilo limeshaibana sare kwenye miaka kumi kabla hajagusa mshono.

Hukumu ya chepeo yetu, kama beji imekataa kulingana na kitambaa, ni hii: Marekani, mafunzo ya kijeshi ya chuo, takriban kati ya 1950 na 1963, chuo hakijulikani. Muuzaji, andika hivyo kwenye kikaratasi cha bei, na usikate lebo.