Mtumwa au Mtumishi? Neno "Doulos" katika Agano Jipya la Kiswahili

Mwanzoni mwa Waraka kwa Warumi, Paulo anajitambulisha kwa neno la Kiyunani doulos. Katika Tafsiri ya Union ya 1952 yeye ni mtumwa wa Kristo. Katika Habari Njema ya 1995 amekuwa mtumishi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba badiliko hilo, ijapokuwa lina nia njema, linapunguza maana ya matini.

Katika Kiyunani cha karne ya kwanza, doulos ni mtu anayemilikiwa na mwingine. Kinyume chake ni eleutheros, aliye huru. Na pwani yetu ilikuwa na jozi kama hiyo, mtumwa na mwungwana. Ama mtu anayehudumu, awe huru au asiwe, huitwa diakonos. Waandishi basi hawakukosa neno la "mtumishi". Walikuwa nalo, na mara nyingi wakaliacha.

Watetezi wa mtumishi wana hoja mbili. Kwanza, katika Septuaginta manabii huitwa douloi wa Mungu, na hilo ni jina la heshima. Pili, neno mtumwa laamsha kumbukumbu ya soko la Zanzibar lililofungwa mwaka 1873, na ya hali ambayo katika pwani ya Kenya haikufutwa kisheria hadi 1907. Hoja hii ya pili ni nzito, wala haifai kubezwa na mtu ambaye wazee wake hawakuuzwa.

Hata hivyo, tutazame Marko 10:43-44. Hapo atakaye ukubwa aambiwa awe diakonos, na atakaye kuwa wa kwanza awe doulos wa wote. Usemi washuka ngazi kwa ngazi. Mfasiri akitia mtumishi mara zote mbili, ngazi ya chini kabisa hutoweka. Vivyo hivyo katika Wafilipi 2:7-8, Kristo atwaa hali ya doulos, kisha afa msalabani, adhabu ambayo Warumi waliihusisha hasa na watumwa. Mtumishi hatuandai kwa kifo cha namna hiyo. Na katika Waraka kwa Filemoni, ambapo Onesimo aombewa apokewe kama ndugu, hapana budi neno liwe mtumwa, ama sivyo ombi lote halina uzito.

Lipo jambo la lugha pia. Mtume, mtumwa na mtumishi ni matawi ya shina moja, -tuma. Katika Kiyunani doulos na apostolos hayana udugu wowote. Msikilizaji wa Kiswahili husikia mwangwi usiokuwamo katika asili, na ni wajibu wa mhubiri kumweleza.

Kwa maoni yetu, uchungu wa neno mtumwa si kasoro ya tafsiri. Wasikilizaji wa kwanza, ambao miongoni mwao walikuwamo watumwa, waliusikia uchungu huo huo. Kuulainisha ni kumnyima msomaji wa leo kile walichokisikia wao.